Kubadilisha bushi za amu ya chini kwenye Corolla NZE

Bushi ni kile kipande cha mpira na chuma kinachoifunga amu ya chini, mkono wa chuma unaoshika gurudumu, kwenye gari. Ikifa ikiwa mpya, ndani ya miezi michache, watu husingizia barabara au duka. Spea feki zipo, tena tele, lakini bushi nyingi huuawa siku ileile zinapofungwa: fundi anakaza bolti gari likiwa juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, anashusha gari, anapokea pesa yake. Kuanzia dakika hiyo mpira umepindwa, na utabaki umepindwa hadi uchanike. Ukisoma mwongozo huu wote ukasahau kila kitu isipokuwa namna ya kukaza bolti ya mwisho, bado utakuwa umeokoa pesa.

Gari nitakalolifuata hapa ni Toyota Corolla ya kizazi cha E120, ile ambayo Nairobi inaitwa NZE, pamoja na ndugu zake Fielder, Runx, Allex na Spacio. Za kwanza zilitoka kiwandani Japani mwaka 2000, kwa hiyo mpira wake umeshazeeka hata kama gari lililala gereji: joto na hewa vinaukausha mpira gari likiwa limesimama tu. Mwenye Vitz au Premio ya miaka hiyo atakuta mambo mengi yanafanana.

Bushi inavyofanya kazi

Amu ya chini ya mbele ina umbo la herufi L. Ncha yake ya nje imeshika boljointi (kiungo cha mpira wa chuma kinachozunguka), na upande wa ndani inafungwa kwenye krosimemba (chuma kinene kinachokatiza chini ya injini) kwa bushi mbili. Bushi ya mbele imelala, bolti yake inapita sambamba na ardhi. Ya nyuma ni nene zaidi, imesimama, na bolti yake inapita wima. Ya mbele kazi yake kubwa ni kuiachia amu ipande na kushuka. Ya nyuma inapokea misukumo ya kwenda mbele na nyuma, hasa unapofunga breki au gurudumu linapoingia shimoni.

Kila bushi ina bomba dogo la chuma katikati, pete kubwa ya chuma nje, na mpira baina yake ulioshikamanishwa na chuma kiwandani kwa joto. Bomba la ndani linabanwa na bolti, halizunguki. Pete ya nje imesukumwa kwa nguvu ndani ya amu, nayo haizunguki. Amu ikipanda, mpira wenyewe ndio unaojipinda kama nguo inayokamuliwa, kisha unarudi. Hakuna kinachoteleza popote. Ndiyo maana bushi ya mpira haipakwi grisi, na anayekushauri uipulizie oili kila mwezi ili isilie anakuharibia: mafuta ya petroli, dizeli na oili huufanya mpira wa asili uvimbe na kulainika hadi uachane na chuma chake.

Pale bomba la ndani linapobanwa ndipo mpira unapopahesabu kuwa pa kupumzikia. Tutalirudia jambo hilo.

Hakikisha ni bushi kweli

Gari likigonga mbele, kila mtu kijiweni ana jibu lake. Kabla ya kununua chochote, sikiliza sauti inatoka lini. Kugonga kwepesi na kwa haraka kwenye vijiwe vidogo, ukiwa mwendo wa pole, mara nyingi ni linki ya stabilaiza, ile fito inayounganisha magurudumu ya kushoto na kulia. Mlio mzito mmoja unaposhika breki au unapoondoka, "tup!", huo ndio mlio wa bushi ya nyuma ya amu. Kugugumia juu kabisa unapozungusha usukani gari likiwa limesimama, angalia kitako cha juu cha shokapu.

Dalili nyingine za bushi: gari kuvuta upande mmoja ukifunga breki lakini kwenda sawa ukiachia, usukani kutangatanga kwenye lami iliyonyooka hata baada ya alaimenti, tairi kulika ukingo mmoja haraka.

Sasa thibitisha kwa macho. Tafuta mtu aingie kwenye gari, wewe simama ubavuni, kamwe usisimame mbele wala nyuma yake. Gari likiwa linawaka, aende mbele kidogo kwa mwendo wa kutambaa na kufunga breki, kisha arudi nyuma kidogo na kufunga tena. Tazama nafasi kati ya tairi na bodi. Gurudumu likirudi nyuma ndani ya upinde wake na kurejea, kwa kiasi unachokiona bila kuhangaika, bushi ya nyuma imekwisha.

Kisha ingia chini kwa usalama (nitaeleza) na uchukue tarimbo dogo. Liweke kati ya amu na krosimemba, karibu na bushi, usukume taratibu. Bushi nzima husogea kidogo na kurudi kwa ubishi. Iliyokufa husogea kirahisi, bomba la kati linaonekana limehama pembeni, au mpira unafunguka kama jeraha na unaona ndani. Mipasuko midogo ya juu juu isikutishe. Gari la miaka 20 lazima liwe nayo. Unachotafuta ni mpira ulioachana na chuma au ufa uliozama. Na usiwe mwepesi wa kulaumu zile nafasi wazi zilizopinda kwenye bushi ya nyuma, maana bushi nyingi za aina hiyo hutoka kiwandani na matundu hayo kwa makusudi.

Ukiwa huko chini, tikisa pia boljointi na tairodi (fito ya usukani inayogeuza gurudumu). Amu ikishatoka, boljointi hubaki wazi kwenye knako (chuma kinachobeba gurudumu), na kuibadilisha wakati huo kunabaki kuitoa kwenye knako tu.

Kununua: bushi peke yake au amu nzima?

Nenda dukani na namba ya chesi, iwe ni Kirinyaga Road Nairobi au Kariakoo Dar es Salaam. Kumwambia muuzaji "Corolla ya 2003" hakutoshi, kwani kuna NZE121, kuna NZE124 ya kuvuta magurudumu yote manne, na muuzaji akibahatisha utarudi. Ukiweza, nenda na bushi ya zamani upime kwa kalipa kipenyo cha pete ya nje, urefu, na tundu la bolti.

Amu nzima mpya ikija na bushi zake tayari, unaepuka presi (mashine ya kusukumia bushi), na kwa mtu anayefanya kazi uani hilo ni jambo kubwa. Kasoro yake ni kwamba amu nyingi za bei nafuu zina chuma kizuri na bushi hafifu. Mimi, kama amu ya zamani haijapinda wala kuliwa na kutu, huibakiza na kununua bushi bora. Amu iliyopinda haina mjadala, itupwe. Iweke juu ya meza pamoja na ya upande wa pili, moja ikiwa imegeuzwa, tofauti utaiona.

Kuna bushi za poliyurethani, zile za rangi nyekundu au njano. Hizo ni kazi tofauti. Nyingi kati ya hizo huzunguka juu ya bomba lake, kwa hiyo zinahitaji grisi maalumu ya silikoni inayokuja nazo, na huleta ukali na kelele kwenye barabara ya vumbi yenye mawimbi kama mabati. Kwa gari la kwenda kazini na shamba, chagua mpira. Kuhusu zile bushi zinazochongwa kwa tairi kuukuu kwenye vijiwe vya mafundi: zitakufikisha nyumbani kutoka safari, na fundi anayezichonga vizuri anastahili heshima, lakini mpira wake haukushikamanishwa na chuma. Unasugua na kulegea. Usizihesabu kuwa matengenezo.

Nunua kwa pande zote mbili. Bushi ya kushoto na ya kulia zimetembea safari moja.

Vifaa

Soketi za milimita 17, 19 na 21 zenye ukuta mnene, mpini mrefu wa kuvunjia nati, pamoja na kipande cha bomba la kuuongezea urefu, jeki mbili, ambapo moja inaweza kuwa ile ndogo ya gari, stendi mbili za chuma, vipande vya mbao ngumu, mafuta ya kulegeza kutu, brashi ya waya, nyundo, tarimbo, rula na tepu ya kupimia, chaki au rangi nyeupe, spana ya kipimo cha nguvu. Hii ya mwisho unaweza kuiazima, lakini usifanye bila hiyo.

Presi ya haidroli hutaibeba nyumbani. Karibu kila mtaa wa spea una mtu mwenye presi ambaye hutoa na kuingiza bushi kwa malipo madogo. Panga kazi yako kwa kumfikiria: ng'oa amu asubuhi ili umkute.

Kunyanyua gari

Gari liwe juu ya sakafu ngumu iliyo sawa. Kama una uwanja wa udongo tu, weka ubao mpana na mnene chini ya kila stendi, kwa sababu stendi ya miguu myembamba huzama kwenye udongo pole pole na hutajua hadi gari liegemee. Zuia magurudumu ya nyuma kwa mbao pande zote mbili, vuta breki ya mkono.

Kabla ya kunyanyua chochote, fanya kipimo ambacho wengi hukiruka. Gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, bila watu ndani, pima kwa tepu kutoka katikati ya kifuniko cha gurudumu hadi ukingo wa bodi ulio juu yake moja kwa moja. Fanya kwa kushoto na kulia, uandike. Huo ndio urefu wa gari likiwa limesimama kawaida, na utauhitaji mwishoni.

Legeza nati za magurudumu robo mzunguko gari likiwa chini. Nyanyua upande wa mbele, weka stendi mbili chini ya sehemu zake imara za bodi, na uyaache magurudumu yote mawili ya mbele yaning'inie. Ukinyanyua upande mmoja tu, chuma cha stabilaiza kitakuvuta amu na kukupa kazi ya bure. Sukuma gari kwa nguvu ukiwa pembeni. Likitikisika, shusha upange upya. Kisha toa magurudumu ya mbele, uyalaze chini ya bodi, karibu na stendi. Jeki peke yake haitoshi hata kwa dakika moja ya kuchungulia, na mawe na matofali yaache kwa wanaojenga. Tofali la saruji hupasuka bila kukuonya.

Kung'oa amu

Anza na upande wa kulia. Ni rahisi zaidi, na utajifunza humo.

Safisha nyuzi za bolti zote kwa brashi ya waya, zipulizie mafuta ya kulegeza, kisha nenda kanywe chai. Mafuta hayo yanataka muda. Bolti ikikataa, ikaze kidogo kwanza kisha ilegeze. Kutu huvunjika ikisukumwa pande mbili.

Toa bolti moja na nati mbili zinazoshika boljointi kwenye amu, milimita 17. Huna haja ya kuigonga boljointi itoke kwenye knako, na kwa kutoigonga utakuwa umeokoa buti yake, kile kifuniko chake cha mpira. Linki ya stabilaiza kwenye gari hili inafungwa kwenye shokapu, haigusi amu, basi iache. Sukuma amu chini kwa tarimbo hadi boljointi iachane nayo. Gurudumu likishakosa kushikwa chini, usivute knako kuelekea nje. Ekseli inaweza kuchomoka kwa ndani, na hapo kazi ya saa chache inageuka ya siku mbili.

Sasa legeza bolti ya bushi ya nyuma, ile ya wima, halafu ya mbele. Zina vichwa vya milimita 19 na zimekazwa kwelikweli. Vuta mpini kwa nguvu inayopanda taratibu, usiushtue. Kama nati ya upande wa pili inazunguka, ishike kwa spana. Toa bolti ya nyuma kabisa, kisha ya mbele, shusha amu.

Kabla hujafurahi, weka alama. Kwa chaki, onyesha kwenye amu bushi ya nyuma imeelekea wapi: matundu yake yako upande gani, na kama ina mshale au nukta, imelenga nini. Pima kwa rula pete ya nje imezama kiasi gani. Piga picha kwa simu. Bushi ya nyuma iliyoingizwa ikiwa imegeuka robo mzunguko itafungika vizuri tu, na gari litatembea vibaya bila mtu kujua kwa nini.

Amu ya kushoto kwenye gari la otomatiki

Hapa ndipo wengi hukwama saa kumi jioni. Kwenye NZE ya gia otomatiki, bolti ya mbele ya amu ya kushoto hailegei ikatoka moja kwa moja. Ikija nusu, inagota kwenye giaboksi. Hakuna nafasi.

Njia ya kitaalamu ni kuishusha krosimemba. Injini na giaboksi hushikiliwa kwanza kutoka juu, au kwa jeki yenye ubao mpana chini ya giaboksi, halafu bolti za krosimemba hulegezwa na upande wa kushoto hushuka kiasi cha kuipitisha bolti. Piga mistari ya rangi pale krosimemba inapokutana na bodi kabla ya kulegeza, ili irudi palepale. Ikihama milimita chache, alaimenti yako nayo imehama. Angalia pia mipira na nyaya zisivutike, na ukumbuke kwamba raki ya usukani imekaa kwenye chuma hichohicho.

Sipendekezi kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja aliyelala kwenye mkeka. Kama huna shimo wala msaidizi anayejua anachokifanya, kamilisha upande wa kulia, kisha upeleke upande wa kushoto gereji yenye lifti. Ukiwa huko, fungua macho: wapo wanaokata bolti kwa msumeno ili kuepuka kushusha krosimemba, halafu wanarudishia bolti yoyote iliyopatikana kwenye kopo. Bolti hii ni ya chuma kigumu, na laini ikiwekwa hapo itapinda au kukatika gurudumu likiwa kwenye mwendo. Ikibidi ikatwe, mpya iwe ya gari hilohilo.

Gari la gia za mkono lina nafasi zaidi, lakini chungulia kwanza kabla hujaamini.

Kutoa na kuingiza bushi

Kwa mwenye presi, wewe ndiye bosi wa alama zako. Mwonyeshe chaki na picha, na usimame karibu. Amu hii ni bati lililokunjwa. Ikiegemezwa vibaya chini ya presi hupinda. Chini ya amu kuwe na bomba fupi lenye kipenyo kinachozidi kidogo pete ya bushi, ili nguvu yote ipokelewe jirani na tundu.

Huna presi? Inawezekana kwa bolti ndefu nene, washa (pete bapa ya chuma) nzito, na soketi kubwa ya kupokelea: unakaza nati, bushi inavutwa ndani ya soketi. Bushi ndogo ya mbele hukubali hivyo. Ile ya nyuma ina ukaidi. Ikigoma, toboa mpira kwa drili hadi bomba la kati litoke, kisha pitisha waya wa msumeno wa chuma ndani ya pete na uikate kwa urefu, ukisimama kabla hujafika kwenye amu yenyewe. Mkato mmoja ukikamilika, pete hujilegeza, nawe unaikunja ndani kwa tindo.

Njia ya kuchoma mpira kwa moto ndiyo inayopendwa vijiweni. Inafanya kazi, hilo siwezi kulikana. Lakini moshi wake ni sumu, mpira unaowaka hudondoka na kushika ngozi, na joto kali halilifai bati la amu. Msumeno huchukua dakika 10 zaidi.

Tundu likiwa wazi, lisafishe kwa msasa hadi ling'ae, uondoe ukingo wowote mkali. Bushi mpya yenye pete ya chuma inaweza kulala kwenye friza usiku mzima. Hunywea kidogo sana, lakini kidogo hicho husaidia. Kilainishi kiwe maji ya sabuni, si grisi.

Linganisha alama, anza kuisukuma ikiwa imenyooka. Nguvu iwekwe kwenye pete ya nje pekee. Ukisukuma bomba la kati, unang'oa mpira kutoka kwenye chuma kabla bushi haijaona barabara, na jeraha hilo liko ndani, hutaliona. Ikianza kuingia upande, simama, irudishe, uanze upya. Mwisho wake ni pale rula inaposema ni sawa na ya zamani.

Kurudishia, bila kukaza

Panda amu mahali pake, ingiza bolti ya mbele kwa mkono, kisha ya nyuma. Kama bolti haizunguki kwa vidole mwanzoni, nyuzi zimekosea. Usiilazimishe kwa spana. Zikaze hadi kichwa kiguse tu, amu ikiwa bado inapanda na kushuka kwa uhuru. Simama hapo.

Boljointi ni tofauti, haina mpira wa kupindwa, hivyo bolti yake na nati zake mbili zikaze kabisa sasa hivi kwa spana ya kipimo, kwa kiwango cha kitabu cha gari lako.

Kukaza kwenye urefu wake

Sasa toa ile karatasi ya vipimo. Tafuta namna ya kuifanya amu iwe kwenye pembe ileile inayokuwa nayo gari likiwa limesimama barabarani.

Mwenye shimo au lifti ya kupandisha gari kwa magurudumu ana raha: anafunga magurudumu, anashusha gari, analibonyeza mara kadhaa mbele ili likae, na anakaza bolti kutoka chini.

Mwenye stendi tu atumie jeki ya pili. Weka ubao juu ya jeki, uiweke chini ya ncha ya nje ya amu, karibu na boljointi lakini si juu ya buti. Inua pole pole. Kila baada ya kuinua kidogo, pima kutoka katikati ya habu hadi ukingo wa bodi. Kipimo kikifika kile ulichoandika asubuhi, amu iko nyumbani. Ukiona bodi inaanza kuinuka kutoka kwenye stendi kabla ya kipimo kutimia, simama mara moja. Nyanyua pande zote mbili kwa zamu, kwani stabilaiza inapinga ukiinua mmoja. Au mwombe mtu mzito aketi kwenye kiti cha mbele cha upande huo, gari likiwa bado limetulia juu ya stendi. Hapo wewe usiwe chini ya gari. Kaa ubavuni na ukaze kwa mpini mrefu.

Kaza bolti zote mbili kwa kiwango cha kitabu. Bushi iliyolala, ya mbele, ndiyo inayoumia zaidi ikikazwa gari likiwa juu, kwa sababu amu inapozunguka inaupinda mpira wake moja kwa moja. Ile ya wima inabembea zaidi kuliko kupindwa. Hata hivyo zikaze zote pamoja kwenye urefu huo, maana hakuna gharama ya ziada.

Fikiria kinachotokea vinginevyo. Magurudumu yakining'inia, amu imeelekea chini. Ukibana bolti hapo, umeuambia mpira kwamba huko chini ndiko kwake. Ukishusha gari, amu inapanda hadi usawa wake wa kila siku, na mpira unapindwa hata gari likiwa limelala usiku. Kila shimo linaongeza juu ya mzigo ambao tayari upo. Gari pia hukaa juu kidogo kuliko kawaida na kuwa gumu, jambo ambalo wenye magari hulisifia wiki ya kwanza: "limekuwa jipya!"

Nati za magurudumu za Toyota hii ni newton-mita 103. Kwa asiye na spana ya kipimo, hiyo ni takriban nguvu ya uzito wa kilo 21 unaoning'inia mwisho wa mpini wa nusu mita. Watu wengi hupanda juu ya mpini kwa miguu miwili, wakazidisha mara kadhaa, kisha wanashangaa bolti zinapokatika.

Baada ya hapo

Endesha polepole mtaani, funga breki mara chache, pita kwenye tuta. Ule mlio mzito uwe umekwisha. Ukibaki, tafuta kwenye linki na kitako cha shokapu kabla hujaishuku bushi mpya.

Peleka gari alaimenti siku hiyohiyo au kesho yake, si mwezi ujao ukipata nafasi. Bushi mpya zimebadilisha mahali gurudumu linapokaa, na tairi nzuri huliwa haraka. Fundi wa alaimenti atarekebisha kwa tairodi. Mwambie akuonyeshe namba za kabla na baada kwenye mashine. Kama namba za gurudumu moja zimekataa kurudi kabisa, amu au knako imepinda, na hapo bushi haikuwa tatizo lako pekee.

Baada ya kilomita mia kadhaa, ingia chini tena na spana ya kipimo, gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake juu ya shimo, uguse bolti zote ulizofunga. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi unaopita kutoka kichwa cha bolti hadi kwenye chuma kilicho jirani. Siku mstari huo ukiwa umekatika, utajua bolti imezunguka hata kabla ya kusikia mlio.

Bushi za zamani usizitupe papo hapo. Zikate katikati kwa msumeno uone zilichanikia wapi. Kama ya mbele imechanika pande zote kwa mzunguko huku ya nyuma ikiwa bado nzima, kuna uwezekano mkubwa kwamba aliyeifunga mara iliyopita aliikaza gari likiwa juu.